Shajara ya mradi: kiini na ganda katika programu ya kikoba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu ya aibu. Wiki iliyopita kikundi cha pili cha hapa Tanga kiliomba kutumia programu niliyokitengenezea kikundi cha kwanza. Kanuni zao ni zilezile, isipokuwa wao hawatozi riba. Nikajibu kwa kujiamini, "Siku mbili tu, nabadilisha riba inakuwa sifuri." Leo ni siku ya sita.

Nimetafuta `0.05`, yaani riba ya asilimia 5, kwenye msimbo wote. Imejitokeza mara kumi na nne: kwenye `views.py` (faili inayopokea na kujibu maombi ya watumiaji) mara tano, kwenye fomu, kwenye kurasa za ripoti, kwenye ujumbe wa SMS, na mara mbili kwenye JavaScript ya ukurasa wa mkopo, ambako hesabu inarudiwa ili mkopaji aone rejesho kabla hajabonyeza. Sehemu nyingine imeandikwa `0.5` kimakosa, na hakuna aliyewahi kuigundua kwa kuwa ripoti ile hakuna anayeifungua.

Niweke kumbukumbu ya tulipo. Programu imejengwa kwa Django, kiunzi (framework) cha lugha ya Python, karibu mistari elfu kumi na moja. Kikundi cha kwanza kina wanachama 27, wanakutana kila Jumamosi saa tisa alasiri, hisa moja shilingi 2,000, mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu, riba asilimia 5 kwa kila mikutano minne. Ni mtindo uleule wa kuweka na kukopa ambao shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao huku umesambaa mpaka hakuna mtaa usio na kikoba.

Jumatano, 5 Februari

Nimechapisha `views.py` yote pale kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mhudumu aliniuliza kama ni mtihani. Kurasa 38, shilingi mia kila ukurasa. Nikanunua na kalamu ya kijani ya kung'arishia maandishi.

Sharti nililojiwekea: mstari napaka kijani kama unasema jambo ambalo lingekuwepo hata kama kikundi kingebaki na daftari na sanduku la bati. Mengine yote naacha meupe.

Funksheni ya kupokea rejesho la mkopo ina mistari 140. Nimepaka kijani mistari tisa. Iliyobaki inaangalia kama mtu ameingia kwenye akaunti, inasoma fomu, inarudisha ujumbe wa kosa, inavuta jedwali, inahifadhi, inatuma SMS, inaandika kumbukumbu, inampeleka mtu ukurasa mwingine. Na ile tisa haipo pamoja. Miwili iko juu, mmoja umejificha ndani ya `try`, minne iko katikati ya kuhifadhi, na miwili iko chini kabisa baada ya SMS kutumwa. Yaani mtu anapokea ujumbe "Asante, deni limebaki 40,000" kabla programu haijajua kama anastahili faini.

Nilikaa barazani na zile karatasi mpaka magharibi. Ukiziangalia kwa mbali ni kama shamba lililopandwa mpunga kwa kumwagamwaga.

Jumamosi, 8 Februari

Nimehudhuria mkutano wa kikundi, mara yangu ya kwanza tangu programu ianze kutumika. Ningeenda mapema, ningejiokolea mengi.

Mweka hazina bado anatumia vijitabu sambamba na simu. Kila kijitabu kina safu moja kwa kila mkutano, na kila safu ina visanduku vitano. Ukinunua hisa tatu, anagonga mihuri mitatu, halafu vile viwili vilivyobaki anavikata kwa mstari wa kalamu. Nimemuuliza kwa nini anahangaika kukata visivyo na kitu.

"Mwanangu, nisipokata, kesho mtu atagonga mwenyewe nyumbani."

Hapo kuna kanuni mbili ndani ya karatasi. Ya kwanza: hisa hazizidi tano kwa mkutano, ili mwenye nacho asiwameze wenzake. Ya pili: mkutano ukifungwa, hisa zake zimefungwa. Zote mbili nilikuwa nazo kwenye programu? Ya kwanza ilikuwa `max_value=5` kwenye fomu. Ya pili haikuwepo kabisa; mtu mwenye ruhusa ya utawala anaweza kufungua hisa za Novemba akazirekebisha anavyotaka.

Na ile ya fomu imeshatuumbua. Desemba tuliongeza kupokea hisa kwa pesa za simu. Malipo yanaingia moja kwa moja kutoka mtandaoni, hayapiti kwenye fomu, kwa hiyo hayakutani na ile tano. Mama mmoja alituma shilingi 14,000, programu ikampa hisa saba. Kikundi kilijadili jambo hilo nusu saa nzima, wengine wakidhani amependelewa. Sikuwa na la kusema. Niliichukulia kanuni ya kikundi kama mpangilio wa kisanduku cha kuandikia, nikaiweka mlangoni; tulipotoboa mlango wa pili, haikuwepo.

Jumanne, 11 Februari

Mimi na mwenzangu ninayeandika naye programu tumekubaliana majina. Yale ya kijani tunayaita *kiini*. Meupe tunayaita *ganda*. Kwa Kiingereza ganda wanaliita boilerplate, neno lililotoka kwenye magazeti ya Marekani ya karne ya 19: magazeti madogo yalikuwa yanaletewa mabamba ya metali yenye habari zilizokwisha kupangwa, wao wanachapa tu. Nalipenda asili hiyo, kwa sababu haidharau. Gazeti lilihitaji yale mabamba. Lakini hakuna aliyenunua gazeti la mji wake ili asome bamba.

Wazo lenyewe si geni. Fred Brooks, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1986 kwamba kuna ugumu ulio ndani ya jambo lenyewe na ugumu tunaouleta sisi na zana zetu. Mtaalamu mwingine wa programu, Alistair Cockburn, mwaka 2005 akachora kiini ndani ya umbo la pembe sita, na milango pembeni ya kuingilia na kutokea. Pembe sita zenyewe hazina siri. Alitaka tu nafasi ya kutosha kuchora milango. Nilisoma yote hayo chuoni, na mtihani nikafaulu, na msimbo wangu ndio huo hapo juu.

Kilichonisaidia leo ni kitu cha kipuuzi zaidi. Tumeanzisha folda inaitwa `kiini`, na sharti lake ni moja: ndani yake hakuna jina la Kiingereza. Si `Loan`, ni `Mkopo`. Si `penalty`, ni `faini`. `def` na `return` ni za Python, hizo sina la kufanya. Lakini `request`, `queryset`, `save`, `user`, `status` zikionekana humo ndani, kuna ganda limevuja.

Mwenzangu alicheka, akasema huo ni uzalendo. Si uzalendo. Maneno ya kikundi yote ni ya Kiswahili na yana wenyewe: hisa, mgao, mzunguko, mdhamini, mfuko wa jamii. Maneno ya kiunzi yote ni ya Kiingereza. Sisi tunaoandika programu kwa lugha hii tumepewa chujio la bure, tumekaa miaka tukitafsiri *rejesho* kuwa `repayment` ili msimbo uonekane wa kitaalamu.

Saa moja tu ya kuhamisha ikaibua jambo. Nilikuwa na sehemu inaitwa `status` kwenye mkopo, yenye thamani saba. Nikajaribu kuziandika kwa Kiswahili. Nne zikapata majina haraka: umeombwa, umepitishwa, unalipwa, umeisha. Tatu hazikupata jina lolote. `PROCESSING` ni nini kwenye kikoba? Hakuna mkopo unao-"processing". Mkutano unapitisha au haupitishi, na pesa inatoka mbele ya watu. Nilipochunguza, zile tatu zote zilikuwa hali za malipo ya simu, wala si hali za mkopo. Zimehamia upande wa ganda.

Alhamisi, 13 Februari

Umeme umekatika kuanzia asubuhi. Hakuna kilichofanyika.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kukumbukwa, ingawa imenigharimu.

Kuna malalamiko ya wiki iliyopita. Wanachama wawili walichelewesha rejesho la Jumamosi. Wa kwanza alilipa kwa simu saa saba usiku kuamkia Jumapili. Wa pili alilipa Jumapili hiyohiyo saa moja asubuhi. Programu ikampiga faini wa pili, wa kwanza ikamwacha. Sababu nikaipata haraka: seva inahifadhi saa kwa UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa saba ya usiku kwetu, kule bado ni saa nne usiku ya Jumamosi. Niliitafuta kila sehemu yenye tarehe, nikarekebisha, nikaandika majaribio kumi na moja. Siku mbili nzima. Nikaenda mkutanoni kifua mbele.

Nikamweleza katibu kwamba sasa wote wawili watatozwa faini sawasawa. Akanitazama.

"Faini ya nini? Jumamosi ile hatukukutana, tulikuwa msibani."

"Lakini tarehe ya rejesho ilifika."

"Kijana, sisi hatuhesabu tarehe. Tunahesabu mikutano."

Nimekaa na sentensi hiyo tangu saa kumi. Nimerudi kwenye katiba yao ya kurasa nne, ambayo nilikuwa nayo kwenye simu tangu mwaka jana. Kweli. Hakuna neno *mwezi* kwenye kifungu cha mikopo. Ni "mikutano minne", "mkutano wa tatu tangu kukopa", "mikutano miwili mfululizo". Mkutano ukiahirishwa, kila kitu kinasogea: riba, rejesho, faini. Jumamosi ya msiba haipo.

Mimi nilisoma "mikutano minne" kichwani nikasikia "mwezi", kwa sababu kiunzi kina `DateField`, sehemu ya kuwekea tarehe, tayari na hakina `MkutanoField`. Ganda ndilo lililonichagulia kanuni. Na hitilafu ya saa niliyojisifia kuitibu, ilikuwa ni hitilafu ya kweli mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na saa.

Usiku huu kwenye `kiini` hakuna tarehe hata moja:

```
def faini_ya_rejesho(mkopo, mikutano_iliyofanyika, kanuni):
    if mkopo.rejesho_limetimia(mikutano_iliyofanyika):
        return 0
    return kanuni.faini_ya_kuchelewa
```

Tarehe ipo kwenye ganda, kwa ajili ya kuchapa risiti. Majaribio yangu kumi na moja nimeyafuta, roho ikiniuma.

Jumatano, 26 Februari

Nimebuni kipimo, na nimekifanyia kazi leo kwa simu na mweka hazina. Namsomea kanuni moja moja kama ilivyo kwenye msimbo, kwa sauti. Akibisha au akiongeza neno, hicho ni kiini. Akisema "sawa, sawa" huku nasikia anakuna nazi, hilo ni ganda.

SMS za kukumbusha: "sawa". Kubadilisha nywila: "sawa". Ripoti ya PDF: "sawa mwanangu, hiyo nyie mnajua." Nilikuwa na folda nzima ya arifa niliyoidhani ndiyo moyo wa programu, maana ndiyo iliyonisumbua kuliko zote. Kumbe ugumu wa kuandika kitu hauonyeshi kiko upande gani.

Nikamsomea ruhusa: mwenyekiti anaweza hivi, katibu anaweza vile, mweka hazina anaweza kutoa pesa.

"Hapana. Mimi siwezi kutoa pesa."

"Si wewe ndiye mweka hazina?"

"Sanduku lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, na mimi simo."

Ndiyo. Nimeliona sanduku lile kwa macho yangu, na kufuli zake tatu. Nikaliandikia programu ambayo mtu mmoja mwenye nywila anatoa mkopo. Sasa tumegawanya: *nani ameingia kwenye akaunti* ni kazi ya Django, anaijua kuliko mimi, sigusi. *Sanduku linafunguka lini* ni kiini: mkutano umefunguliwa, na watunza funguo watatu wamethibitisha, kila mmoja kwa simu yake.

Jumatano, 5 Machi

Ramadhani imeingia, mikutano imehamia asubuhi, na programu haikushtuka. Isingekuwa katibu, leo ningekuwa naandika majaribio ya saa tena.

Lakini nimeharibu upande mwingine. Tangu Ijumaa nimelewa utenganisho. Kila kitu nikakipa tabaka: daftari la wanachama likapata klasi ya kiini, kiolesura cha hifadhi, utekelezaji wa hifadhi, kigeuzi cha kutoka jedwali kwenda kiini na kigeuzi cha kurudi. Faili tano ili kubadilisha namba ya simu ya mtu. Mwenzangu akafungua, akauliza swali moja: "Kiini cha namba ya simu ni kipi?"

Hakuna. Mwanachama akibadilisha namba, anabadilisha. Hakuna mkutano, hakuna mtu wa kubisha. Nimefuta faili zote tano, nimerudisha fomu ya kawaida ya Django yenye mistari kumi na miwili. Nilikuwa nikitengeneza ganda la kulinda kiini kisichokuwepo, na mistari ya ganda imeongezeka wakati mradi wote lengo lake ni kulipunguzia makali.

Kwa hiyo orodha ya wanachama, picha, na matangazo vinabaki ndani ya kiunzi, bila folda ya kifahari. Hata yule msaidizi wa akili mnemba tunamruhusu aandike huko apendavyo. Kwenye `kiini` hapana. Nilimjaribu mara moja, akaniletea riba ya kila mwezi, imepangwa vizuri, ina hata majaribio yake.

Jumatano, 12 Machi

Mgao. Nimechukua daftari la mzunguko wa mwaka jana, nikaendesha hesabu upya.

Kwenye sanduku walikuwa na shilingi 9,290,000. Hisa zote 3,412. Programu ikasema kila hisa ina thamani ya 2,722.74. Mwanachama mwenye hisa 143 anastahili 389,352.29. Daftari linasema alipewa 389,200.

Senti ishirini na tisa! Nani ana senti? Nilitumia desimali mbili kwa kuwa ndivyo kila mfano wa sehemu ya pesa unavyoonyesha, na mifano hiyo imeandikwa na watu wa dola. Zaidi ya hayo, Python ikikutana na nusu kamili huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu, `round(2.5)` inatoa 2. Kanuni nzuri kwa takwimu. Hakuna kikundi kilichokaa kikaipitisha.

Walichofanya wao: 9,290,000 gawanya kwa 3,412, unapata 2,722, kinachobaki unakiacha. Zidisha kwa hisa 143, ni 389,246. Sarafu ndogo inayopatikana ni ya hamsini, basi unashuka hadi 389,200. Mabaki ya wote yalikuwa shilingi 3,150, yakaingia mfuko wa jamii wa mzunguko mpya. Limeandikwa daftarini kwa wino mwekundu, mstari wa mwisho.

Kukadiria namba nilikuwa nimekuhesabu ni ganda kuliko vyote, kitu cha kuachia maktaba. Sasa kuna funksheni inaitwa `shuka_hadi_hamsini` na nyingine `mabaki_kwenda_mfuko_wa_jamii`. Nimeendesha kwa wanachama wote 27. Zote zimelingana na daftari, na mabaki ni 3,150. Nimempigia mweka hazina nikiwa nimesimama.

"Si nilikwambia daftari liko sawa," akasema.

Jumatano, 19 Machi

Hesabu ya mistari: ganda limepungua kidogo tu, sasa kama elfu tisa na mia tano. Kiini ni mistari 610, na kinaendeshwa na majaribio yake bila hifadhidata, bila mtandao, chini ya sekunde moja. `0.05` ipo mahali pamoja, kwenye faili ya kanuni za kikundi cha kwanza. Kikundi cha pili kimepewa faili yake. Riba: sifuri. Kazi niliyoahidi kwa siku mbili imechukua wiki saba.

Leo asubuhi nimemfuata mweka hazina wa kikundi cha pili, bibi wa makamo anayeuza vitenge, nimsomee kanuni zake. Nimemwamkia, nikaketi juu ya robota, nikaanza. Hisa, sawa. Mgao, sawa, ila wao hushuka hadi mia. Funguo, sawa. Riba hakuna, "Alhamdulillahi, hakuna." Faini ya kuchelewa rejesho?

"Hatutozi. Umtoze mtu aliyekwama, si unamkwamisha zaidi?"

Nikasema basi nitaweka sifuri.

"Sasa sifuri maana yake si hakuna kitu? Kitu kipo. Akichelewa, hakopi tena mpaka ipite mikutano mitatu."

Nimerudi nyumbani nikaifungua ile funksheni ya faini niliyojivunia. Inarudisha shilingi. Haijui kurudisha kitu kingine. Nilidhani nimemaliza kuondoa ganda, kumbe nilikuwa nimechukua desturi ya kikundi kimoja nikaifanya umbo la wote.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii kabla ya Idi: kuchelewa kuzae *tokeo*, na tokeo liwe ama pesa ya kulipa ama mikutano ya kukaa bila kukopa. Nilikuwa nimeshaandika klasi mpya, nikaiita `Adhabu`. Mchana nikampigia bibi nimsomee.

"Adhabu? Hapana baba, hatumwadhibu mtu. Anasubiri tu."

Nimebadilisha jina. Inaitwa `Kusubiri`.